Vifaa vya goti jipya madukani Kisumu: lipia woka na barafu, mto wa goti uache hapo hapo

Mgonjwa akishabadilishiwa goti na kuruhusiwa kwenda nyumbani, jamaa ndio hutumwa dukani. Wanaingia duka la vifaa vya hospitali Kisumu mjini na kuonyeshwa kila kitu kinachohusu goti: mto wa povu wenye mgongo, mkanda wa kubana, mipira ya rangi tano, mizigo ya kufunga mguuni, pedali ya kuweka sakafuni, fremu ya kutembelea, yaani woka. Wengi hununua vyote, kwa sababu ni mama au baba mzazi, na hakuna anayetaka kuonekana mchoyo kwa mzazi. Sisi tumevipitia kwa swali moja tu: katika wiki sita za kwanza, kitu hiki kinasaidia goti kunyooka kabisa na paja kurudisha nguvu? Kisichosaidia hata moja kati ya hayo hakistahili pesa yako wakati huu.

Swali limekuwa hilo kwa sababu ya jinsi goti bandia lilivyo. Daktari huvika mwisho wa mfupa wa paja kofia ya chuma, huweka sahani ya chuma juu ya muundi, na katikati plastiki ngumu ya kuteleza. Vyuma hivyo havihitaji mazoezi. Kinachoyahitaji ni msuli mkubwa wa mbele ya paja, ule unaonyoosha goti na kukuinua kitini. Katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji, msuli huo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na sababu kubwa ni kwamba uvimbe ndani ya goti huuzima kupitia mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa "kaza paja", akajitahidi mpaka akakunja uso, na paja lisijibu. Si uvivu. Na goti lisiponyooshwa mapema, nyama za nyuma hufupika, kovu la ndani hushika, mtu akabaki akitembea mguu umepinda kidogo na paja likichoka kabla hajafika hata geti.

Kwa hiyo tuanze na kitu kinachodhuru zaidi ya vyote kwenye rafu: mto wa goti. Ule wa povu, wenye umbo la kilima, unaowekwa chini ya goti mtu akilala chali. Unatuliza maumivu kweli, na hapo ndipo ulipo mtego wake. Goti lililovimba hupenda kukaa limekunjwa kidogo kwa sababu likiwa hivyo ndani huwa na nafasi zaidi. Mgonjwa akilala juu ya mto huo saa nane kila usiku, zile dakika thelathini za mazoezi za mchana haziwezi kushindana nao. Mto wa kawaida wa kitandani ukiingizwa chini ya goti hudhuru vilevile. Ukitaka kuinua mguu ili uvimbe ushuke, tegemeza mguu wote kuanzia shavu la mguu hadi kisigino, goti likiwa limenyooka na halijaegemea kitu. Mto wa goti hatuupendekezi kwa yeyote katika kipindi hiki.

Kitu kinachoushinda kipo tayari nyumbani: taulo. Kunja taulo ya kuogea iwe kigogo chenye unene wa kama sentimita kumi, ukifunge kwa kamba mbili kisifunguke. Kigogo hicho kina kazi mbili, na mahali kinapowekwa ndipo panapotofautisha kazi hizo. Kwanza kiweke chini ya kisigino, au juu kidogo ya kisigino, ili kisigino kisiguse godoro na goti libaki hewani. Uzito wa mguu wenyewe utalivuta goti chini. Kaa hivyo dakika tano mwanzoni, ufike kumi hadi kumi na tano, mara tatu au nne kwa siku. Huuma nyuma ya goti kama kamba inayovutwa, na hayo ndiyo maumivu yanayotakiwa.

Mguu ukiwa hapo hapo, kaza paja. Hili ndilo zoezi la kwanza na la maana kuliko yote, na ndilo linalofanywa vibaya zaidi. Vuta vidole vya mguu kuelekea usoni, kisha sukuma nyuma ya goti ielekee godoro kana kwamba unaponda kitu hapo chini. Shikilia ukihesabu polepole hadi tano, baadaye kumi, huku ukipumua. Achia. Rudia mara kumi ndani ya kama dakika mbili, pumzika dakika moja, uanze tena mpaka paja lihisi kuchoka. Dalili kwamba limefanyika ni pia ya goti kupanda kidogo kuelekea paja. Weka kidole juu yake utaihisi. Pia hiyo ya goti ikikaa palepale, ujue mgonjwa anakaza matako au anasukuma kwa kisigino, na paja bado limelala. Mwambie aanze kwa kukaza paja la mguu mzima, yaani ule usiofanyiwa upasuaji, ili akumbuke linavyohisi, kisha ahamie upande wa pili, au akaze yote mawili pamoja.

Kuna kipimo kizuri cha nyumbani ambacho hakina bei. Ondoa kigogo, mguu ulale moja kwa moja juu ya kitanda kigumu au mkeka, na upitishe leso iliyokunjwa mara nne chini ya goti. Mgonjwa akaze, wewe uivute leso. Ikitoka bila kipingamizi, goti bado halijashuka. Siku itakapokwama, goti limefika chini. Fanyeni kipimo hicho kila Jumapili na muandike. Huwapa moyo wagonjwa kuliko maneno yetu yote.

Kazi ya pili ya kigogo ni pale kinapowekwa chini ya goti lenyewe, na hapo ni wakati wa zoezi peke yake: goti juu ya kigogo, inua kisigino kutoka kitandani mpaka mguu unyooke, shikilia sekunde tano, shusha polepole. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Ukimaliza, kigogo kiondoke hapo. Tumeweka mkazo kwa sababu jamaa hukiacha, na mgonjwa akalala juu yake, mkawa mmerudi kwenye mto wa goti kwa mlango wa nyuma.

Kuinua mguu wa upasuaji wote ukiwa umenyooka huja baadaye kidogo, na watu wengi huliharakisha. Lala chali, kunja mguu mzima, kaza paja la mguu wa upasuaji kwanza, kisha ndipo uinue kisigino kama shibiri moja kutoka kitandani. Shikilia sekunde tano hadi kumi, shusha kwa utulivu. Tazama goti kwa ubavuni: likilegea na kuinama wakati kisigino kinapanda, paja halijawa tayari kwa mzigo huo. Rudi kwenye kukaza kwa siku mbili tatu. Mara kumi zenye goti lililolegea hazijengi kitu, na mgongo ndio utakaoumia.

Leso ileile ndiyo tunayoipendelea kuliko mikanda ya nailoni yenye vitanzi inayouzwa kwa ajili ya kuvuta mguu. Mkanda ule si mbaya, umeshonwa vizuri, ila leso ni pana, haikati unyayo, na mama anajua kuishika. Ipitishe chini ya unyayo, kisigino kiteleze kuelekea matako, na ukifika mwisho vuta taratibu uongeze kidogo. Sekunde tano hadi kumi, kisha nyoosha kabisa. Godoro la sponji hukwamisha kisigino, kwa hivyo vaa soksi na uweke sinia chini yake. Wakati wa mchana zoezi hili ni rahisi zaidi kitini: kitambaa chini ya unyayo kwenye sakafu ya saruji au vigae, rudisha mguu nyuma kadiri uwezavyo, kisha mguu mzima uusukume kidogo zaidi. Shabaha ya kawaida ni kukunja hadi digrii 90, yaani pembe mraba, kufikia wiki ya pili hivi, na 110 hadi 120 kadiri miezi inavyokwenda. Dawa ya maumivu aliyoandika daktari imezwe kama nusu saa kabla ya kipindi. Anayeanza mazoezi akiwa na maumivu makali hukaza mwili wote isipokuwa paja.

Sasa woka. Hapa toa pesa bila kusita, na uitoe kwa makini. Ile ya alumini isiyo na magurudumu ni imara, lakini inamlazimu mtu kuinua na kutua kila hatua. Yenye magurudumu mawili mbele humwezesha kutembea kwa mwendo wa kawaida, na ndani ya nyumba yenye vigae tunaipendelea. Nje ni mambo mengine. Magurudumu madogo hukwama kwenye changarawe, na boma la Ahero au Luanda likishanyeshewa, hayasogei kabisa. Anayeishi kijijini, choo na jiko viko nje, achukue isiyo na magurudumu.

Urefu wake ndio watu hukosea. Mgonjwa asimame wima akiwa na viatu atakavyovaa nyumbani, mikono ining'inie. Mshiko wa woka uwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Kila mguu wa woka una kitufe cha chuma kinachoingia katika tundu. Bonyeza, telezesha, usikie mlio wa kufunga, kisha hesabu matundu ili miguu yote minne ilingane. Ikiwa juu mno, mabega hupanda na mikono haibebi kitu. Ikiwa chini, mtu huinama, na anayeinama hutembea goti limekunjwa, yaani anafanya mazoezi ya kuliharibu siku nzima. Kagua pia viatu vya mpira vya miguu ya woka. Vikilika, bomba hutokeza na kuteleza kwenye sakafu yenye maji. Huuzwa peke yake, kwa hiyo nenda na kimoja dukani upate saizi.

Kutembea nayo: woka mbele, mguu wa upasuaji ufuate kwa kutua kisigino kwanza goti likiwa limenyooka, kisha mguu mzima. Usiusogeze mguu hadi kugusa bomba la mbele, utaanguka chali. Kwenye ngazi weka woka pembeni, shika ukuta au reli, na mtu awe nyuma wakati wa kupanda, mbele wakati wa kushuka. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, mguu wa upasuaji hutangulia.

Kitu ambacho hakimo katika vifurushi vingi na kinapaswa kuwa cha pili kwenye orodha yako ni kiti cha choo. Kuketi na kuinuka kwenye kiti cha kawaida kunahitaji goti likunjike kama digrii 90 hadi 100. Kuchuchumaa juu ya choo cha shimo hupita 120, na goti bandia la wiki tatu halifiki huko. Mtu atajaribu, atakwama chini, ataanguka. Kiti cha chuma chenye ndoo, cha dukani, kinafaa iwapo miguu yake inaweza kurefushwa. Fundi wa mbao wa Kibuye anaweza kukutengenezea kingine chenye tundu, cha kuweka juu ya shimo lenyewe. Mpe vipimo hivi: kimo cha sentimita 45 hadi 50 kulingana na urefu wa mgonjwa, mikono ya kushikilia pande zote mbili, na miguu iliyotanuka kwa chini. Mwambie aweke reli ya mbele mbali, ili unyayo uweze kurudi nyuma mtu anapoinuka.

Kiti cha kukalia sebuleni nacho kiangaliwe. Kochi laini la chini halifai. Kiti cha plastiki chenye mikono kinatosha, lakini kile chembamba hupasuka mikono yake ikisukumwa. Panga viwili kimoja juu ya kingine: vinakuwa imara, na kimo kinaongezeka kidogo. Viegemeze ukutani.

Barafu. Pakiti ya jeli ya dukani ni ununuzi mzuri ikiwa inabaki laini baada ya kugandishwa. Ile inayokuwa kama tofali hailali juu ya goti. Uliza muuzaji akutolee moja kutoka kwenye friji uijaribu kwa mkono. Nunua mbili, moja ikitumika nyingine igande. Unaweza pia kujitengenezea: sehemu moja ya spiriti ya chemist na mbili za maji, ndani ya mfuko wa kufunga usiovuja, na huo ndani ya mwingine. Hugeuka uji wa baridi unaoshika umbo la goti. Ni baridi kuliko barafu ya maji, kwa hiyo taulo iwe nene. Stima ikipotea na joto la Kisumu likapanda, barafu ya wauza samaki wa Dunga itafaa, ila si safi hata kidogo: iwe ndani ya mifuko miwili, na isiguse kidonda wala bandeji. Dakika 15 hadi 20, juu ya kitambaa kikavu, baada ya kila kipindi cha mazoezi, mguu ukiwa umeinuliwa.

Na tuseme hili kwa heshima yote kwa wazee wetu: goti hili halikandwi kwa maji ya moto, halisuguliwi kwa dawa za majani, na shavu la mguu halichuliwi. Joto huongeza uvimbe wiki hizi za mwanzo, na uvimbe ndio unaolizima paja. Kidonda hukaa kikavu mpaka nyuzi au pini zitolewe, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Shavu la mguu likiuma na kuvimba ghafla, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kulichua kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi mapafuni. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kidonda kikitoa usaha, wekundu ukienea, au homa ikipita digrii 38. Kifua kubana au pumzi kukatika ghafla ni dharura, usiku au mchana. Kinga ya damu kuganda, pamoja na dawa, ni zoezi jepesi kuliko yote: kuinua na kushusha nyayo, dakika mbili tatu, kila saa mgonjwa akiwa macho.

Mkanda wa kubana goti: acha. Unabana kidonda, unatoa jasho, na hauongezi nguvu yoyote. Soksi ndefu za kubana zivaliwe kwa agizo la daktari na kwa kupimwa. Aliye na shida ya damu kufika miguuni zinaweza kumdhuru. Mashine ya kukunja goti yenyewe, ile ya kukodisha, haijaonyesha faida ya maana kwa mgonjwa wa kawaida, maana paja linabaki limelala huku umeme ukifanya kazi.

Pesa hizo zipelekwe kwenye vipindi vya fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, nyumbani au kliniki. Huduma hiyo nayo ina nzuri na mbaya, na si vigumu kuitambua. Fizio mzuri huanza kwa kutazama kidonda na shavu la mguu, hupima kunyooka na kukunja kwa kipimapembe, huandika tarakimu, humwangalia mtu akitembea, kisha hubadilisha mazoezi kulingana na alichokiona. Umeme wa kuamsha msuli unaweza kusaidia ikiwa mgonjwa anakaza paja wakati huohuo. Kipindi cha kulalia tu pakiti ya joto na kusuguliwa mafuta hakina thamani ya nauli. Mwombe usajili wake; fizio hapa Kenya husajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mwenye usajili hatakasirika kuulizwa.

Kati ya kipindi na kipindi, futi ya fundi cherehani itakusaidia. Pima mzunguko wa goti katikati ya pia ya goti kila asubuhi. Maumivu yanayopanda wakati wa zoezi na kutulia ndani ya nusu saa ni ya kawaida. Kipimo kikipanda siku mbili mfululizo, au maumivu yakimwamsha usiku, punguza marudio kwa nusu, ongeza barafu, lakini kunyoosha kusisimame.

Mipira ya rangi na mizigo ya kifundo inunuliwe baadaye. Mazoezi ya kuongeza uzito kwa kawaida huanza wiki ya nne hadi ya sita, na uzito wa kuanzia ni nusu kilo. Mizigo ya madukani ikianzia kilo moja, hiyo ni nzito mno kwa mguu ulionyooka. Soksi yenye mchanga mkavu wa nusu kilo, uliopimwa kwenye mizani ya duka la jirani na kufungwa kwa bandeji juu ya kifundo, inatosha. Kuhusu mipira, usiamini rangi. Nyekundu ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko ya nyingine. Uvute dukani kwa mikono: ukirefuka mara mbili bila wewe kukaza meno, huo ndio wa kuanzia.

Pedali ya sakafuni ndiyo tuliyosita nayo zaidi. Zile nyepesi huteleza kwenye vigae na kurudi nyuma kila mzunguko, na mgonjwa hujivuta kuzifuata hadi ukingoni mwa kiti. Zenye mpira mpana chini na kamba ya kuzifunga kwenye mguu wa kiti ni nzuri. Baiskeli ya mazoezi ya mitumba ni bora zaidi kama kiti chake hupanda na kushuka: kiinuliwe mpaka unyayo uguse pedali ya chini goti likiwa karibu limenyooka. Anza kinyumenyume. Mzunguko mzima wa mbele haujaribiwi mpaka ule wa nyuma uwe laini. Goti lisipofika juu, bembea mbele na nyuma bila kulazimisha, usiinue kiuno ili kulipitisha. Dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, na kiti kishuke tundu moja tu baada ya wiki nzima bila uvimbe mpya.